Seli shina na maskani yake: wanyama wa majini wanatulazimisha kufikiri upya

Vitabu vingi vya baiolojia humweleza msomaji seli shina kwa sentensi moja: ni seli isiyo na kazi maalumu, ambayo ikigawanyika hutoa nyingine kama yenyewe pamoja na seli itakayokomaa na kushika kazi mwilini. Si uongo, ila nusu ya habari imeachwa. Maelezo hayo hayasemi seli hiyo iko wapi, imezungukwa na nani, wala inapokea amri gani kutoka kwa majirani zake. Ukiitoa seli shina mahali pake na kuiweka kwingine, mara nyingi haibaki seli shina tena. Kwa hiyo huwezi kujibu swali la seli shina ni ipi bila kuuliza inakaa wapi.

Mahali hapo ndipo maskani ya seli shina. Maskani hayo ni seli jirani, ni utando na nyuzi zinazozishikilia seli, ni kemikali zinazotumwa kutoka karibu au mbali, ni hata msukumo na mvuto wa tishu yenyewe. Kwa zaidi ya miaka arobaini picha yake imechorwa hasa kwa kuwatazama panya na nzi wa matunda. Picha hiyo ni nzuri na imesaidia sana, hata katika tiba. Lakini sehemu kubwa ya ulimwengu wa wanyama haikuulizwa. Baharini, ziwani na mitoni wamejaa viumbe wasio na uti wa mgongo ambao seli shina zao zinaishi maisha tofauti kabisa, na ukiwasoma kwa makini unaona kwamba tulichokiita kanuni huenda ni desturi ya wanyama wachache tu.

Kanuni ilikotoka

Mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto waliwachoma panya kwa mionzi hadi uboho wao ukashindwa kuzalisha damu, kisha wakawadunga seli za uboho kutoka kwa panya wazima. Baada ya siku kadhaa bandama za panya hao zikawa na vinundu, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja. Huo ukawa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba kuna seli shina za damu.

Likabaki fumbo. Seli zilizochukuliwa kutoka kwenye vinundu vya bandama hazikuwa na nguvu sawa na zile za uboho: zilichoka mapema, zikashindwa kujirudufisha kwa muda mrefu. Mwaka 1978, Ray Schofield, aliyekuwa akifanya utafiti Manchester, Uingereza, alitoa jibu. Alisema seli shina ya damu haidumu kwa nguvu zake yenyewe. Inadumu kwa sababu imeshikana na seli nyingine zinazoizuia isikomae. Mtoto wake akikosa nafasi pale, anakomaa, atake asitake. Bandama haikuwa na nafasi kama za uboho, ndiyo maana seli zake zilidhoofika.

Ilichukua miaka zaidi ya ishirini kabla hoja hiyo haijaonekana kwa macho, na ilionekana kwa nzi. Mwaka 2000, Ting Xie na Allan Spradling walionyesha kwamba kwenye ovari ya nzi wa matunda kuna seli chache za kofia, na seli shina za mayai zimezigusa. Seli shina inapogawanyika, binti anayebaki akigusa kofia anaendelea kuwa seli shina, na yule anayesukumwa upande wa pili anaanza safari ya kuwa yai. Umbali wa seli moja tu ndio unaoamua hatima.

Ni picha safi, na usafi wake ndio uliotushawishi. Tukaichukulia kwamba seli shina ni chache, zimetulia mahali pamoja pa kudumu, na hazifanyi kazi nyingine yoyote mwilini. Haidra hakubaliani na lolote kati ya hayo.

Haidra, ambaye wafanyakazi wake ndio seli shina

Haidra anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Urefu wake ni milimita chache, akijinyoosha anaweza kufika sentimita moja na kidogo. Ana mguu wa kujishikizia kwenye jani au jiwe, mwili ulio kama mrija, na kichwa chenye mdomo uliozungukwa na minyiri. Mwaka 1740, Abraham Trembley, mwalimu wa watoto katika nyumba ya familia moja karibu na The Hague, Uholanzi, alimkata kiumbe huyu vipande viwili akitaka kujua kama ni mmea au mnyama. Kila kipande kikawa haidra kamili.

Mwili wake ni tabaka mbili za seli, moja nje na moja ndani, zikitenganishwa na utando usio na seli. Ndani yake mna koo tatu za seli shina zisizoingiliana. Ukoo wa kwanza ni wa tabaka la nje, wa pili ni wa tabaka la ndani. Wa tatu ni seli ndogo zilizojibana katika nafasi zilizopo baina ya seli za nje, na hizi ndizo zinazozaa neva, seli za kuchomea mawindo, seli za tezi, na pia mayai na mbegu za kiume.

Tutazame koo mbili za kwanza. Seli za nje zinaufunika mwili na zinajikunja kama misuli. Seli za ndani zinameng'enya chakula. Na seli hizohizo, zikiwa kazini, zinagawanyika kila baada ya siku tatu au nne muda wote wa maisha ya mnyama. Hakuna kundi dogo la seli shina lililotengwa pembeni likiwalisha wafanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe ndiye seli shina. Kwa mtu aliyezoea picha ya panya na nzi, hili linasumbua kweli, kwa sababu tumefundishwa kwamba seli ikishika kazi imeshaaga ushina wake.

Kwa kuwa seli za kiwiliwili zinagawanyika bila kupumzika na mwili hauongezeki ukubwa, lazima ziende mahali. Nyingi husukumwa taratibu kuingia kwenye machipukizi, ambayo hujitenga na kuwa haidra wapya. Nyingine husogea juu hadi kwenye mizizi ya minyiri au chini hadi mguuni. Hapo ndipo jambo linapotokea. Seli ya nje ikivuka mpaka wa mnyiri inaacha kugawanyika na kugeuka seli ya kubeba silaha za kuchomea. Ikivuka mpaka wa mguu inaanza kutoa gundi. Baadaye inafika ncha na kudondoka. Kwa takriban wiki tatu tishu nzima ya mwili inakuwa imebadilishwa.

Maana yake ni kwamba seli ya haidra ni seli shina kwa sababu iko kiwiliwilini, na inaacha kuwa hivyo kwa sababu imetoka kiwiliwilini. Maskani yake si kijishimo wala kofia ya seli chache. Ni eneo zima la katikati ya mwili, na mipaka ya eneo hilo inawekwa na ishara zitokazo kichwani na mguuni. Mwaka 1909, Ethel Browne alichukua kipande kidogo cha tishu ya karibu na mdomo wa haidra na kukipandikiza ubavuni mwa haidra mwingine. Alitumia haidra wa kijani, ambao wana mwani ndani ya seli zao, pamoja na weupe, ili aone tishu ya nani inafanya nini. Ubavuni pakaota kichwa na mwili mwingine, na rangi ikasema wazi: sehemu kubwa ya mwili mpya ilikuwa tishu ya mwenyeji, iliyobadilishiwa maelekezo na kile kipande kidogo cha mgeni. Alifanya hivyo miaka 15 kabla ya jaribio maarufu la Hans Spemann na Hilde Mangold kwenye viinitete vya mijusi-maji. Naona anastahili kutajwa mara nyingi kuliko anavyotajwa. Leo tunajua kwamba ishara kuu ya kichwa cha haidra ni protini za familia ya Wnt, ambazo pia hushughulika na seli shina za utumbo wetu sisi.

Ukoo wa tatu una habari yake. Mwaka 1979, Frank Sproull na Charles David walionyesha kwamba seli zile ndogo huamua kujirudufisha au kukomaa kwa kutegemea wingi wa wenzao walio karibu. Zikiwa chache, nyingi zaidi huchagua kubaki shina. Zikiwa nyingi, nyingi zaidi hukomaa. Hapa jirani anayetoa amri ni seli shina mwenzake. Kundi linajihesabu lenyewe.

Richard Campbell alikuwa ameshaonyesha upande wa pili mwaka 1976. Alitumia kolchisini, dawa inayovuruga mgawanyiko wa seli, akaziangamiza seli hizo ndogo zote, na neva zikaisha pia kwa kukosa wa kuzirithi. Haidra asiye na neva hawezi kukamata chakula, lakini ukimlisha kwa mkono anaishi, anatoa machipukizi, na ukimkata anajiunda upya. Ukimpandikizia tena seli ndogo za ukoo wa tatu, zinaenea na kuujaza mwili. Nyumba inabaki imesimama hata mpangaji akiondoka, na mpangaji akirudi anaikuta inamfaa.

Ni mpangilio huu wote unaoelekea kumpa haidra sifa iliyomfanya ajulikane zaidi. Mwaka 1998, Daniel Martínez alichapisha matokeo ya kuwafuatilia haidra kwa miaka minne, na hakuona dalili ya vifo kuongezeka kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2012, kundi la Thomas Bosch huko Kiel, Ujerumani, lilionyesha kwamba jeni iitwayo FoxO inahusika: ikizimwa, seli shina zinapungua kasi na nyingi zinakomaa. Lakini kutozeeka si kutougua. Mwaka 2014, watafiti wa Kiel walieleza uvimbe wa saratani unaotokea kwa haidra kiasili, uliotokana na seli za ukoo wa tatu zilizoshikwa njiani zikielekea kuwa mayai.

Planaria: seli zinazotembea na misuli inayoelekeza

Planaria ni minyoo bapa, wengi wao wa maji yasiyo na chumvi, wenye macho mawili yanayoonekana kama yamekengeza. Mwaka 1898, Thomas Hunt Morgan alieleza kwamba kipande kidogo kabisa kilichoweza kujiunda upya kilikuwa takriban sehemu moja ya 279 ya mnyama. Baadaye Morgan aliwaacha minyoo, akahamia kwa nzi wa matunda na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Biolojia ya karne ya 20 ilimfuata kwa nzi. Sehemu ya pengo tulilonalo leo katika kuwaelewa wanyama hawa imetokana na uamuzi wa namna hiyo wa kuchagua mnyama wa maabara.

Nguvu ya planaria iko kwenye seli ziitwazo neoblasti. Ni seli ndogo, zenye kiini kikubwa kinachokaribia kuijaza seli yote, na katika spishi Schmidtea mediterranea zinakadiriwa kuwa asilimia 20 hadi 30 ya seli zote za mwili. Linganisha na uboho, ambako seli shina halisi ya damu ni moja kati ya maelfu mengi. Ukiacha seli za uzazi, neoblasti ndizo seli pekee zinazogawanyika ndani ya mnyoo huyu mzima. Mionzi ikiziua, mnyoo anaendelea kutambaa kwa wiki kadhaa, kisha tishu zinachakaa bila kuzibwa na anakufa.

Mwaka 2011, Daniel Wagner, Irving Wang na Peter Reddien waliwachoma planaria kwa mionzi hadi neoblasti zote zikaisha, halafu wakampandikizia kila mmoja seli moja tu kutoka kwa mnyoo mwingine. Baadhi yao walipona. Seli ile moja iligawanyika, ikasambaa, ikazaa kila aina ya tishu, na hatimaye mnyoo akawa na jeni za mfadhili badala ya zake. Ushahidi ulio mzito kuliko huo wa uwezo wa seli moja ni vigumu kuupata.

Hata hivyo, neoblasti haijui inataka kujenga nini. Mkia ukikatwa lazima ijenge mkia, kichwa kikikatwa lazima ijenge kichwa, na seli ni ileile. Mwaka 2008, makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwamba ukiizima jeni ya beta-katenini, inayopitisha ishara za Wnt, mnyoo aliyekatwa mkia anaota kichwa cha pili nyuma. Swali likawa: ishara hizo zinatunzwa na nani? Jibu lilikuja mwaka 2013 kutoka maabara ya Reddien, na mimi huliona kuwa miongoni mwa majibu mazuri kabisa katika fani hii. Ni misuli. Seli za misuli zilizotandazwa chini ya ngozi ya mnyoo, kutoka mbele hadi nyuma, ndizo zinazowasha jeni za mahali: za mbele zinasema "hapa ni mbele", za nyuma zinasema "hapa ni nyuma". Mnyoo akikatwa, misuli iliyobaki inabadilisha kauli yake mara moja, hata kama neoblasti zote zimeshauawa kwa mionzi. Ramani inajichora upya bila kuwasubiri wajenzi.

Tazama jinsi maskani yanavyotapakaa hapa. Neoblasti zimeenea karibu mwili mzima, isipokuwa mbele ya macho na ndani ya koromeo, na sehemu hizo mbili zikikatwa peke yake haziwezi kuzaa mnyoo mpya. Hazina nyumba ya kudumu, zinahama kuelekea jeraha. Lakini hazijawa huru na mazingira yake. Zikitolewa na kuwekwa kwenye sahani ya maabara, uwezo wake unapotea ndani ya siku chache, na hadi sasa ni kazi ngumu kuzikuza nje ya mnyoo. Ugumu huohuo umewakabili kwa miongo mingi watu wanaojaribu kukuza seli shina za wanyama wengi wa baharini. Seli inaishi kwa muda, inagoma kugawanyika, kisha inakufa, na sababu mojawapo ni kwamba tumeileta seli tukaacha maskani yake.

Botryllus: maskani yanayohama kila wiki

Nikitakiwa kumchagua mnyama mmoja wa kumwonyesha mtu anayeamini kwamba maskani ni lazima yawe ya kudumu, nitamchagua Botryllus schlosseri. Ni mnyama wa baharini wa kundi la tunikata, ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo kuliko viumbe wengine wote wasio nao. Anaanza maisha kama lava, yaani kiluwiluwi, anayeogelea akiwa na mkia, halafu anajibandika kwenye mwamba au ubavu wa chombo na kuanza kuchipua. Machipukizi hayaachani. Yanapangika kwa umbo la nyota au ua, yamezama ndani ya gamba laini la pamoja na yameunganishwa na mtandao mmoja wa mishipa ya damu. Kila mwanakoloni ana moyo wake, utumbo wake na viungo vyake vya uzazi, lakini damu ni ya wote.

Takriban kila wiki, kutegemea joto la maji, wanakoloni wote wakubwa hufa kwa pamoja. Seli zao zinajiua kwa utaratibu, seli za ulaji zinazifagia, na katika siku moja au mbili mnyama mzima amesharabiwa mwilini mwa koloni. Wakati huohuo machipukizi yaliyokuwa yakikua pembeni yanafungua midomo yao na kushika nafasi. Chini ya darubini jambo hilo linaonekana wazi: nyota moja inanyauka na nyingine inachukua mahali pake, na moyo wa mzee unaendelea kupiga ilhali mwili unaouzunguka unasinyaa.

Sasa fikiria seli shina iliyo ndani ya mwanakoloni huyo. Maskani yake yana umri wa wiki moja. Mwaka 2008, Ayelet Voskoboynik na wenzake, wakishirikiana na Irving Weissman, walionyesha kwamba maskani mojawapo yako kwenye endostaili, mfereji wa kutoa ute unaomsaidia mnyama kunasa chakula kutoka majini. Walizitia alama seli za hapo na kuzifuatilia zikiondoka na kuingia kwenye machipukizi yanayokua. Walipozipandikiza kwenye koloni nyingine inayopatana, zilichangia kujenga tishu za mwili, lakini hazikutoa mayai wala mbegu. Seli shina za uzazi zilionekana kwingine, kwenye visiwa vidogo vya seli vilivyo kando ya endostaili. Mwaka 2013, Yuval Rinkevich na wenzake walieleza jinsi seli za visiwa hivyo zinavyohama wiki baada ya wiki, kutoka kwa mzee anayekufa hadi kisiwa kipya ndani ya kijana.

Kwa hiyo seli ni ya kudumu na maskani ni ya muda. Ni kinyume kabisa cha tunavyofikiri juu ya uboho, ambako mfupa unabaki na seli zinapita. Na bado kanuni ya Schofield haijavunjwa, kwa sababu seli hizo haziishi hewani. Zinatoka kituo kimoja kwenda kingine cha aina ileile, zikipitia damu.

Kuna upande wa mnyama huyu unaotisha kidogo. Koloni mbili zikigusana kingo, zinapimana. Kama zinashiriki angalau aina moja ya jeni fulani ya utambuzi, mishipa inaungana na damu inachanganyika. Kama hazishiriki, panatokea mapambano na kovu kwenye mpaka. Zikiungana, seli shina za koloni moja zinaweza kuingia katika koloni nyingine na kuyateka maskani ya uzazi. Douglas Stoner na Weissman walilieleza hilo mwaka 1996: mwili unaweza kubaki wa mwenyeji huku mayai na mbegu vikiwa vya mgeni. Mwenyeji anakula, anapumua, anajikinga, na kizazi anachokitoa si chake. Ukilifikiria hili unaelewa kwa nini mnyama asiye na kinga ya mwili kama yetu amejijengea ulinzi mkali mpakani. Maskani ni mali, na mali inaibwa.

Sifongo na kamba

Sifongo ni mnyama wa majini asiye na neva, misuli wala utumbo. Seli zake mbili zinatuhusu. Arkeosaiti zinatangatanga katika ute ulio baina ya matabaka ya mwili, na zinaweza kugeuka karibu kila kitu. Koanosaiti zimepangwa kwenye vyumba vidogo, kila moja ikipiga mjeledi wake kusukuma maji na kunasa chakula. Ungedhani ya kwanza ni shina na ya pili ni mfanyakazi, lakini koanosaiti inaweza kuacha mjeledi na kugeuka arkeosaiti, na katika sifongo wengi ndiyo inayozaa mbegu za kiume. Noriko Funayama na wenzake wa Kyoto, Japani, walikuta jeni ya piwi, ambayo ni alama ya seli shina kwa wanyama wengi wa majini, ikiwaka kwenye seli zote mbili. Katika sifongo Halisarca caerulea wa Karibea, koanosaiti hukamilisha mzunguko wa kugawanyika kwa takriban saa tano na nusu, kasi ya ajabu kwa mnyama anayeonekana hafanyi lolote.

Kamba wa maji yasiyo na chumvi wana mfano wa namna nyingine. Wanaendelea kuzaa seli za neva za kunusia maisha yao yote, na maskani ya seli mama za neva hizo yapo juu ya uso wa ubongo, upande wa chini, yakiwa na mfereji mdogo unaopokea damu. Barbara Beltz na wenzake waliona jambo lisiloeleweka: seli ikigawanyika pale, mabinti wote wawili wanaondoka. Hakuna anayebaki. Kwa hesabu hiyo maskani yangepaswa kuwa matupu baada ya muda mfupi, lakini hayawi matupu. Mwaka 2014 walitoa ushahidi kwamba yanajazwa na seli za damu, zile za kinga ya mwili. Seli zilizotiwa alama kutoka kwa kamba mmoja ziliingia katika maskani ya mwingine, na baadaye zikaonekana ubongoni zikiwa neva. Maskani hayo hayatunzi seli shina. Yanawapokea wapita njia na kuwafanya kitu kingine.

Mahali panapozaa seli shina

Habari ya kamba inafungua swali ambalo picha ya zamani haikuliuliza: je, mahali panaweza kuizaa seli shina pasipo na seli shina iliyotangulia?

Hydractinia ni ndugu wa haidra anayeishi baharini, hasa juu ya makombe ya konokono yaliyokaliwa na kaa. Koloni yake inatandaa juu ya kombe, kaa anatembea nayo. Seli shina zake zilimvutia August Weismann, aliyechapisha mwaka 1883 kitabu kikubwa kuhusu seli za uzazi za viumbe wa kundi hili. Weismann ndiye huyohuyo aliyefundisha kwamba ukoo wa seli za uzazi umetengana na ukoo wa seli za mwili. Kwa wanadamu na nzi mafundisho hayo yamesimama. Kwa Hydractinia hayasimami: mwaka 2023, kundi la Uri Frank la Galway, Ireland, lilionyesha kwamba seli shina moja ya mnyama aliyekomaa wa spishi hii, ikipandikizwa, inaweza kutoa seli za mwili za kila ukoo pamoja na seli za uzazi.

Katika mnyama anayelisha koloni, seli hizo ziko sehemu ya chini ya mwili. Kichwani hazipo. Kichwa kikikatwa zinapanda kwenda kwenye jeraha na kukijenga upya. Mwaka huohuo 2023, kundi la Frank na watafiti wa Marekani walioongozwa na Andreas Baxevanis walikigeukia kile kipande kinachotupwa. Walikata ncha ya kichwa, mdomo na pembeni yake, mahali pasipo na seli shina hata moja, wakakiweka kipande majini wakitazama.

Ndani ya siku ya kwanza baadhi ya seli za kipande hicho zilizeeka. Si kwa umri, bali ziliingia katika hali ile ya uzee wa seli ambayo kwa binadamu huhusishwa na kuchakaa kwa tishu na maradhi: zinaacha kugawanyika lakini zinaendelea kutoa kemikali. Kwa binadamu seli za namna hiyo huwa zinakaa na kuwasumbua majirani. Hydractinia alizitema nje kupitia mdomoni. Kabla hazijatoka, zilikuwa zimeshawafikishia majirani ujumbe wao, na seli zilizokuwa na kazi zao zikaacha kazi hizo na kuanza kuwasha jeni za seli shina. Seli shina mpya zikajitokeza mahali ambapo hazikuwapo. Kipande kikaota mwili mzima.

Watafiti walipoizima jeni inayoziwezesha seli kuingia katika uzee huo, hakuna seli shina mpya zilizozaliwa, na kipande hakikujiunda upya.